Sewanee 1899: Ile Alama Moja

Mabibi na mabwana, asanteni. Najua mmekuja kusikia habari ya siku 6. Kila nikialikwa kuzungumzia futiboli ya Kimarekani ya zamani, kabla sijashika kipaza sauti mtu keshanitajia Sewanee: chuo kidogo cha mlimani Tennessee, mechi 5 ugenini ndani ya siku 6, wakashinda zote bila kufungwa hata alama moja. Ni kweli. Novemba 9, 1899, Chuo Kikuu cha Texas 12-0. Kesho yake Texas A&M 10-0. Tarehe 11 Tulane 23-0. Jumapili wakapumzika. Tarehe 13 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 34-0, tarehe 14 Mississippi 12-0. Haya, tumemaliza. Sasa twende kwenye mechi iliyobeba msimu, nayo haimo humo.

Novemba 30, mjini Montgomery: Sewanee 11, Auburn 10. Kocha wa Auburn ni John Heisman, huyo huyo ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo imepewa jina lake. Sewanee msimu ule walicheza mechi 12, wakapata alama 322, wakafungwa 10. Zote 10 ni za Auburn, za siku hiyo moja.

Mtu aliyezoea mchezo wa leo hesabu hiyo inamkwaza, maana anajua tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani, ni alama 6. Mwaka 1899 ilikuwa 5. Teke la nyongeza baada yake, la kupitisha mpira kati ya nguzo za goli, alama 1. Na goli la teke la kawaida, lile linalopigwa bila tachidauni, nalo lilikuwa 5, sawa na tachidauni nzima! Basi 10 ya Auburn ni tachidauni mbili, mateke yote mawili yamekwenda nje. Na 11 ya Sewanee ni tachidauni mbili, teke moja limeingia. Tofauti yote ya msimu ni hiyo.

Kuna anayecheka pale nyuma: teke la nyongeza nalo ni kazi? Leo si kazi kubwa, mpira unawekwa mbele ya nguzo. Wakati ule, waliocheza raga mtanielewa, ulirudi na mpira kwa mstari ulionyooka kutoka pale ulipougusisha chini. Ukigusisha kwenye kona, nguzo unaziona kwa ubavu. Kisimamio hakuna. Mwenzako analala chini, anaushika mpira kwa vidole bila kugusa ardhi, wewe unamwelekeza: ncha juu kidogo, mshono huku, haya, shusha. Mpira ukigusa ardhi tu, timu nzima ya wapinzani iliyosimama kwenye mstari wa goli inaruhusiwa kukuvamia. Kwa hiyo kulenga kunamalizika mpira ukiwa bado hewani. Ukishushwa ni kupiga, hakuna kujipanga tena. Mshikaji akiuteremsha mapema nusu ya pumzi, teke limeliwa.

Njia nyingine ya kutoka konani ilikuwa kuupiga mpira kutoka mstari wa goli umfikie mwenzako aliye mbele ya nguzo. Akiudaka safi, teke linapigwa kutoka hapo. Ukimponyoka, nafasi imekwenda. Ndiyo maana nasema someni matokeo vizuri. Ile 10-0 ya Texas A&M mnayoisifu ni mateke mawili yaliyokosa. Kwa upigaji ule ule mbele ya Auburn, mechi ingeisha sare, na leo msingeniita hapa.

Mtasema, lakini zile siku 6 ni nguvu za ajabu. Nguvu ndiyo, sikatai. Pasi ya mbele ilikuwa haramu mpaka 1906. Ulikuwa na majaribio 3 kupata yadi 5, kwa hiyo unajikunja, unaingia katikati, wenzako wanakusukuma mgongoni. Dakika 70, vipindi viwili vya 35, na ukitoka huruhusiwi kurudi. Aliyechoka anabaki uwanjani na uchovu wake.

Safari yenyewe nitaipitia mbio, maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Aliyeipanga ni mwanafunzi, meneja Luke Lea, na sababu ni fedha. Sewanee na Vanderbilt, chuo kingine cha Tennessee, waligombana juu ya mapato ya mlangoni, mechi yao ikafa, na pengo likabidi lizibwe. Treni, kama kilomita 4,000 kwenda na kurudi, wanalala behewani. Walibeba mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao, na hapo Lea alikuwa na akili kuliko makocha wengi: ukibadilisha maji kila mji, Jumamosi nusu ya timu iko chooni. Huyu Lea baadaye akawa seneta, kisha Januari 1919 akaenda Uholanzi kujaribu kumteka aliyekuwa Kaiser, yaani mfalme, wa Ujerumani. Hilo mtaniuliza nje.

Nilikuwa na karatasi nzima juu ya mechi ya mwisho, North Carolina, Atlanta, Desemba 2. Siku mbili tu baada ya Auburn! Nitawapa matokeo tu: 5-0. Hakuna tachidauni. Ni teke. Haya, maswali.