Mwenye Funguo Atakaa Wapi?

Mhadhara kuhusu mapendekezo ya usanifu wa makumbusho, uliotolewa mjini Iringa mbele ya wanafunzi wa usanifu majengo, maofisa utamaduni na mafundi. Nimeuandika kama nilivyousema, nikaondoa kukohoa tu.

Kamwene! Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Wale wa nyuma sogeeni mbele, baridi ya Julai haina adabu, na huku mbele angalau tunapeana joto.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana la mtu mwingine ningelisimulia kwa raha mno.

Miaka mingi iliyopita, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi, halmashauri moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ilitaka jengo dogo: maktaba upande mmoja, na upande wa pili chumba cha kutunzia kumbukumbu za wilaya. Nikawapelekea pendekezo la kurasa 12. Ukurasa wa kwanza ulikuwa picha. Jioni, anga la zambarau, taa zimewaka, ukuta wote wa mbele ni kioo, mama na mtoto wanapita, na pembeni limeegeshwa gari jeupe la aina ambayo wilaya nzima hakuna aliyekuwa nalo. Kikao kikapitisha kwa makofi. Kurasa 11 zilizobaki hakuna aliyeniuliza chochote, na nakiri nilishukuru.

Kioo kile kilitazama magharibi. Nilirudi baada ya miaka miwili nikamkuta mtunza jengo, baba mmoja mpole, ametundika vitenge sita kwenye kioo changu, vingine kwa misumari, vingine kwa vibanio vya nguo. Kuanzia saa tisa alasiri jua lilikuwa linaingia mpaka kwenye makabati. Majalada yaliyokuwa ya bluu yalishapauka upande mmoja, upande wa pili bado bluu. Akaniambia bila hasira yoyote: "Mwalimu, hapa ukifungua ni vumbi, ukifunga ni tanuri, na usiku ni barafu. Hivi vitenge ni vya mke wangu, ameanza kuvidai."

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli, koridoni, funguo zote ziko shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikafungua ramani yangu nitafute chumba chake. Hakikuwepo. Mgahawa nilikuwa nimeuchora.

Tangu siku ile, pendekezo lolote linalopita mezani kwangu, liwe langu au la mwanafunzi, nalitafutia kwanza jambo moja: mwenye funguo atakaa wapi, na akiwa amekaa hapo ataona nini? Kama ramani haijibu, picha ya jalada siifungui.

Msinielewe vibaya, picha zina kazi yake. Lakini picha zimetuzoesha vibaya. Mwaka 2014 mji wa Helsinki, Finland, ulitarajia kujengewa makumbusho ya sanaa ya Guggenheim, shindano la usanifu likatangazwa dunia nzima. Yakaja mapendekezo 1,715. Fikirieni usiku uliokeshwa hapo, kahawa iliyonywewa, kompyuta zilizoungua! Mshindi akapatikana 2015, na mwaka uliofuata baraza la mji likaukataa mradi wenyewe. Mapendekezo 1,715, jengo sifuri. Ubaya wa michoro haukuwa sababu. Wenye mji walikuwa hawajakubaliana kama wanalitaka jengo lenyewe, na nani alipe. Nawaambia hivi kwa sababu hapa kwetu hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mbunifu, huwa ukurasa mmoja, na mbunifu kijana anaona aibu kurudi kuuliza: mtaweka nini humo ndani? Rudini mkaulize. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko jengo la miaka 50 lisilo na kitu ndani.

Sasa tuje nyumbani. Kila mwaka nasahihisha kazi za wanafunzi, na mkiwapa makumbusho ya Iringa najua kitakachokuja. Jengo lenye umbo la ngao. Mwaka huu nimepokea ngao tatu, ngoma mbili, na mkuki mmoja uliolala, ambao mwanafunzi alinieleza kwa fahari kwamba ukiwa angani kwenye ndege unauona vizuri. Nikamuuliza, mgeni anayeshuka kwenye bajaji ataona nini? Akasema, "Ukuta, mwalimu."

Nendeni Kalenga, hata leo jioni daladala zipo. Kilichowekwa pale kinatosha kwenye mikono miwili ya mtu: fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe hai, Wajerumani wakalichukua fuvu lake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ukaliweka kwenye kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Likarudi tarehe 19 Juni 1954, Twining, Gavana wa Tanganyika, akilikabidhi, baada ya kupatikana katika makumbusho ya Bremen. Miezi sita ikawa miaka 35. Jengo la Kalenga ni dogo, na mimi nasema udogo ule ni sahihi. Wanafunzi wakipewa Kalenga wanataka ukumbi wa mita 12 kwenda juu. Fuvu la mtu kwenye ukumbi wa mita 12 linakuwa kama sarafu iliyoanguka stendi.

Ila kuna jambo moja Kalenga ambalo pendekezo jipya lolote lingepaswa kulishughulikia. Wanaoingia pale ni watu wa aina mbili. Mmoja ni mgeni, amekuja kuona. Mwingine ni mjukuu, amekuja kusalimia. Mgeni anataka maandishi, mwanga, mahali pa kupigia picha. Mjukuu anataka kukaa kwanza nje, ashushe pumzi, aingie, anyamaze, atoke bila kupitia duka la vinyago. Hawa ukiwapanga kwenye koridoni moja, mmoja atamkwaza mwenzake. Huo ni usanifu, na hauhitaji hata mfuko mmoja wa saruji kuanza kuufikiria. Benchi la mawe chini ya mti kabla ya mlango linaweza kumfaa mjukuu kuliko ukumbi mzima.

Isimila ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu. Mnapajua, kilomita kama 20 kutoka hapa kwenye barabara ya Mbeya: korongo, zile nguzo za udongo, na mashoka ya mawe ya watu wa kale sana, yaliyochimbwa kitaalamu 1957 na 1958. Aliyechimba kabla ya wataalamu ni nani? Maji. Mvua ndiyo iliyolikata lile korongo na kuyaanika mashoka. Na ni mvua hiyohiyo itakayoyazoa.

Sasa kijana ananiletea pendekezo la kituo cha wageni juu ya ukingo wa korongo. Paa la mita za mraba 400. Zuri, bati la rangi ya udongo ili lifanane na mazingira. Namwambia chukua kalamu. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa hilo, ni mita za ujazo 20. Lita 20,000. Hizo ni simtanki nne za lita 5,000, zimejaa, umezimwaga kwa saa chache sehemu moja, kwenye udongo ambao kazi yake tangu enzi ni kumomonyoka. Kabla jengo halijawa makumbusho, tayari ni korongo jipya. Rangi ya bati haina la kusema hapo. Pendekezo la Isimila linaanza na swali la maji yatakwenda wapi, na kwa maoni yangu jengo lenyewe lirudi nyuma, mbali kabisa na ukingo, hata kama mandhari yatapungua. Mgeni atembee. Miguu anayo.

Na msidhani maji ni jambo la chini kwa msanifu mkubwa. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, alilichora Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Tazameni paa lake: miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, maji yanakusanyika katikati na kushuka. Kilichofanya soko lile litambulike mpaka leo ni namna lilivyoamua kupokea mvua na kumpa kivuli mwenye genge. Hakuna ngao pale, hakuna ngoma, na hakuna anayeuliza kama ni jengo la kwetu.

Kuna wanaonijia na vitabu vya Francis Kéré, msanifu wa Burkina Faso, aliyepata Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu majengo, 2022. Nampenda, na ile shule yake ya Gando ya 2001 ningewapeleka wote mkaione kama kungekuwa na nauli: tofali za udongo, na paa la bati lililonyanyuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati na kutoa joto. Lakini Gando ni joto. Chukua paa lile ulipeleke Njombe mwezi huu wa saba, watoto watasomea kwenye mablanketi. Cha kuiga kwa Kéré ni lile swali lake, hapa kuna udongo gani na hali ya hewa gani. Jibu lake liacheni Gando. Sisi tuna baridi ya usiku na jua kali la mchana, tena siku moja. Karatasi, ngozi na mbao huteswa sana na hali inayopanda na kushuka kila siku. Ukuta mnene wa mawe au udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Babu zetu wa tembe walilijua hilo, kuta nene na paa la udongo, madirisha madogo. Na mwanga nao: nguo na nyaraka za zamani huwekewa laksi 50 tu, laksi ndicho kipimo cha mwanga, na jua la nje linaweza kufika laksi 100,000. Vitenge sita vya yule mama vilikuwa vinapambana na hesabu hiyo.

Ndiyo maana napenda Boma letu hapa mjini. Wajerumani walilijenga liwe hospitali ya jeshi, likawa ofisi za serikali miaka na miaka, na tangu 2016 ni makumbusho. Lina historia chungu, silisafishi. Lakini mkipewa kazi ya makumbusho popote, Mbeya, Tukuyu, Songea, tembeeni kwanza mjini mtafute jengo lililokwisha simama. Pendekezo linalosema "tusijenge, tukarabati" lina heshima zake, ingawa halina picha ya kutundika ukutani na ada yake ni ndogo. Wakadiriaji majenzi nawaona mnacheka. Nyie mnaijua Sydney: ile nyumba ya opera ilikisiwa dola za Australia milioni 7 mwaka 1957, ikamalizika 1973 kwa milioni 102. Leo dunia inaisifu. Halmashauri yako haitasubiri sifa, itasimamisha mradi kwenye lenta, na mbuzi watahamia.

Maswali. Ndiyo, mama pale... Anauliza wanafunzi wa shule. Asante, nilikuwa nasahau, na ni aibu. Mgeni mkuu wa makumbusho zetu wala si mzungu mwenye kamera, ni basi la shule. Watoto 60 wanashuka kwa pamoja, wamesafiri saa tatu, na wote wanataka choo. Pendekezo lenye matundu mawili, moja la kike moja la kiume, hilo limechorwa na mtu ambaye hajawahi kuwa mwalimu wa zamu. Matundu yawe mengi, yawe nje, yafikiwe bila kupita kwenye maonyesho, na bomba la kunawia liwe la urefu wa mtoto.

Swali la mwisho lilitoka nyuma kabisa, kwa fundi mmoja mzee wa Mafinga, kofia mkononi. Akasema: "Mwalimu, umesema maji ya paa. Sisi huku tuna mikaratusi na mipaina. Gata, ule mfereji wa paa, likijaa majani, nani atapanda kuzibua, na atapitia wapi?"

Nilikuwa na michoro ya kazi yangu ya sasa pale mezani. Tukaitazama wote wawili. Kulikuwa na mlango wa darini, sentimita 50 kwa 50. Nikamwambia, huu hapa. Akacheka, akaomba ndoo ya mfagiaji wa ukumbi, akaishika kama mtu anayepanda ngazi, mkono mmoja juu, ndoo ubavuni. Kijana mmoja akatoa futikamba, tukampima pale pale mbele ya watu: sentimita 74. Nikafuta 50, nikaandika 80.