Kisima na visima: kuunganisha maudhui yaliyotawanyika ndani ya tovuti moja

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Mwenge na joto la ukumbi huu.

Nianze na neno mlilonyonya na maziwa ya mama. Joomla, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti, ni jumla. Mwaka 2005 kundi la watengenezaji wa Mambo, mfumo mwingine wa tovuti, lilijitoa, likaanzisha mradi wake huria, na jina walilolichagua likatoka kwenye Kiswahili chetu: jumla, yaani vyote kwa pamoja. Toleo la kwanza lilitoka Septemba mwaka huohuo. Kila nikilitamka jina hilo nahisi tuna deni, maana tovuti nyingi ninazozifungua hapa mjini si jumla hata kidogo. Ni nyumba ya kupangisha: habari chumba chake, nyaraka chumba chake, kalenda chumba chake, na kila mlango umefungwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kurekebisha tovuti ya shirika moja linalochimba visima pembezoni mwa Dar es Salaam. Moduli ya habari, yaani sehemu ya tovuti inayoshughulikia habari tu, ilitangaza kwamba kisima cha mtaa mmoja kule Chanika kimepimwa. Majibu ya maabara yalikuwa kwenye moduli ya nyaraka, na tarehe ya mkutano wa wananchi kwenye kalenda. Bibi mmoja akapiga simu ofisini: "Mwanangu, maji haya nimpe mjukuu au nisimpe?" Jibu lake lilikuwa ndani ya tovuti ileile aliyosomewa na jirani, limelala kwenye faili lenye jina la tarakimu tupu. Simu ile sijaisahau.

Fundi aliyenitangulia hakuwa mvivu. Aliweka ile moduli ya Joomla inayoonyesha makala zinazohusiana kwa kulinganisha maneno muhimu. Lakini moduli hiyo huangalia makala tu. Nyaraka na kalenda haizioni. Tena hulinganisha neno zima kwa neno zima, na hapo ndipo Kiswahili kinapoikwaza. Mwandishi mmoja ameandika "kisima", mwenzake "visima". Mmoja "mkutano", mwingine "mikutano". Kwetu sisi umoja na wingi hubadilika kichwani mwa neno. Hata programu zilizotengenezwa kwa Kiingereza, zinazokata mkia wa neno ili zipate mzizi, hapa zinakata pasipo na kitu. Kwa hiyo makala mbili za kisima kilekile zilikaa miezi bila kujuana.

Lebo, yaani maneno ya mada yanayobandikwa kwenye kila kitu, zilisaidia. Joomla ilizileta katika toleo la 3.1, mwaka 2013, na uzuri wake ni kwamba hazibagui moduli. Kuna jedwali moja linalotunza aina ya kitu, namba ya kitu na namba ya lebo. Mkikubaliana kwamba lebo ni "visima", basi, ni namba moja kwa wote, na hakuna anayeandika kivyake.

Ila lebo husema tu kwamba vitu hivi vinazungumzia jambo moja. Haisemi kwamba waraka huu ndio ushahidi wa habari ile, na bibi yetu alihitaji ushahidi. Kwenye Drupal, mfumo mwenzake Joomla, tangu toleo la 8 la mwaka 2015, kiini cha mfumo chenyewe kina sehemu ya kurejelea: unaijaza kwa kuchagua kitu kingine, nayo inatunza namba yake. Kwenye Joomla ile tuliongeza jedwali letu dogo. Safu mojawapo, yaani mstari mmoja wa jedwali, naisoma kama ilivyo: habari, 214, waraka, 37, vipimo. Maana yake, habari namba 214, ile ya kisima cha Chanika, inaelekea waraka namba 37, na kinachoviunganisha ni vipimo. Basi. Ukiwa kwenye habari 214, mfumo unauliza naelekea wapi. Ukiwa kwenye waraka 37, unauliza nani ananielekea. Safu ni moja, njia ni mbili, na hakuna aliyeandika mara mbili.

Nasisitiza namba kwa sababu anwani zilituumiza. Wahariri walikuwa wakibandika viungo kwa mkono ndani ya maandishi. Siku menyu ilipopangwa upya, viungo vile vikafa vyote. Namba haijali kichwa cha habari kimebadilishwa au ukurasa umehamishiwa wapi.

Kufuta ni rahisi: kitu kikiondoka, safu zake ziondoke nacho. Ruhusa ndiyo inayotaka moyo. Waraka ambao bado ni rasimu unaweza kuchungulia kupitia orodha ya "yanayohusiana", na kichwa chake pekee kikatosha kuzua taharuki mtaani. Haki ya msomaji ikaguliwe pale ukurasa unapoonyeshwa. Kuikagua siku ya kuunganisha hakutoshi, kwani hali ya waraka hubadilika.

Na anayeunganisha awe mhariri, palepale anapoandika, wakati jambo bado liko kichwani mwake. Sisi tuliweka kisanduku cha kutafutia chini ya fomu ya habari: anaandika herufi tatu, nyaraka na mikutano vinajitokeza pamoja, anachagua, anahifadhi. Ukimlazimisha aende moduli nyingine kunakili namba, hataenda, na mimi simlaumu.

Wenye kompyuta fungueni nakala niliyowagawia. Anzeni na waraka 37, mwone unavyorudi Chanika.