Wajukuu wa Malkia Victoria: Ukoo Mmoja, Dini Mbalimbali

Asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na hamjambo nyote. Leo nipo London, nje ya Westminster Abbey, upande wa magharibi. Tazameni juu ya mlango ule. Zile sanamu kumi zilizinduliwa mwaka 1998, ni za Wakristo waliouawa katika karne ya 20. Ndugu zangu wa Uganda, yule mnamfahamu: Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 enzi za Idi Amin.

Sasa mtazameni yule mama aliye ubavuni kwake. Anaitwa Elisabeth, nyumbani wakimwita Ella. Ni mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza, mzaliwa wa Darmstadt, Ujerumani, Mlutheri wa kubatizwa. Alikufa Mwothodoksi, kule Urusi.

Undugu wao jamani! Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani kwa Ella ni mtoto wa mama mkubwa. Mfalme George V wa Uingereza ni mtoto wa mjomba. Tsar Nicholas II wa Urusi ni shemeji, kamwoa Alix, mdogo wake Ella. Kwa hiyo babu zetu waliporushiana risasi katika Vita vya Kwanza, huku askari wa Mjerumani, kule askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, waliwapigania wajukuu wawili wa bibi mmoja. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Damu ilikuwa moja, ila dini ziliwatenganisha, na mara nyingi aliyetakiwa kuhama ni bibi harusi. Dagmar wa Denmark, mama yake Nicholas, aliacha Ulutheri mwaka 1866 ili aolewe Urusi. Ena, mjukuu mwingine wa Victoria, alipokelewa Ukatoliki mwaka 1906 ili aolewe na Mfalme Alfonso XIII wa Hispania. Mkuu wa nyumba alipanga, binti akabadili sala zake.

Sikilizeni habari ya Sophie, dada wa Kaiser Wilhelm. Aliolewa Ugiriki mwaka 1889, na mwaka 1891 akaingia Uorthodoksi. Kaka yake alikasirika, akampiga marufuku kukanyaga Ujerumani miaka mitatu. Dada wa tumbo moja! Haya, mwaka 1894 ukoo uko Coburg, Ujerumani, kwenye harusi ya kaka yake Alix. Nicholas anamposa Alix, Alix analia, anasema hawezi kuacha dini aliyopewa kipaimara. Miongoni mwa waliomshawishi akubali ni nani? Wilhelm yuleyule. Dini ya dada yake ilikuwa heshima ya nyumba, dini ya Alix ikawa njia ya kupata undugu na Urusi. Naliona hilo ni dhuluma, na silipambi.

Alix alikubali, na sheria ilimbana: mke wa mrithi wa kiti cha Urusi lazima awe Mwothodoksi. Lakini Ella hakubanwa na mtu. Mumewe, Sergei, hakuwa mrithi, basi Ella aliolewa mwaka 1884 akabaki Mlutheri miaka saba. Alipobadili mwaka 1891 ilikuwa kwa hiari yake, na baba yake huko Darmstadt alihuzunika sana. Mwaka 1905 Sergei aliuawa kwa bomu Moscow. Ella alikwenda gerezani kumwambia muuaji kwamba amemsamehe. Baadaye aliuza vito vyake, akaanzisha nyumba ya masista yenye hospitali na kituo cha yatima. Julai 1918 Wabolsheviki, wakomunisti waliompindua serikali ya Urusi, walimtupa kwenye shimo la mgodi karibu na Alapayevsk, siku moja tu baada ya Alix, Nicholas na watoto wao watano kuuawa Yekaterinburg. Mwili wake ulipitishwa China mpaka Jerusalem.

Ella alikuwa mama mdogo wa Alice, na Alice ndiye mama wa Prince Philip, yaani bibi mzaa baba wa Mfalme Charles. Alice alizaliwa Windsor mwaka 1885, kiziwi, akisoma midomo. Aliolewa Ugiriki, na mwaka 1928 akaingia Uorthodoksi kwa hiari, kama mama yake mdogo. Wanazi walipoishika Athens, alificha familia ya Kiyahudi nyumbani kwake, ilhali waume wa binti zake walikuwa upande wa Ujerumani. Mwaka 1953 aliingia hapa Abbey, kwenye kutawazwa kwa mkwewe Elizabeth II, amevaa vazi la kitawa. Alifariki mwaka 1969, na mwaka 1988 mwili wake ulihamishiwa Jerusalem, kama alivyoomba, karibu na Ella. Philip mwenyewe alibatizwa Mwothodoksi, akahamia Anglikana kabla ya harusi yake ya 1947. Safari hiyo aliyehama ni bwana harusi!

Na leo je? Sheria ya 1701 ilimnyima kiti cha Uingereza yeyote aliyeoa au kuolewa na Mkatoliki. Mabadiliko yaliyopitishwa mwaka 2013 yalianza kutumika 2015, na sasa mrithi anaweza kuoa Mkatoliki bila kupoteza nafasi yake. Yeye mwenyewe bado hawezi kuwa Mkatoliki. Nyumba zetu nyingi zina Waislamu na Wakristo meza moja, kwa hiyo nataka kuwasikia: kwenu, harusi ya dini mbili ikija, nani huambiwa ahame, na nani huulizwa kwanza?