Ngozi inayong'aa si ngozi chafu: mhadhara juu ya jasho na mafuta, Lubumbashi

Wababa, wamama na vijana, karibuni. Chukueni ile karatasi laini mliyopewa mlangoni, mwikate vipande viwili. Kimoja kibandikeni puani kwa nusu dakika, kingine kifumbateni kiganjani. Sasa vipepeeni kidogo, kisha mviinue mbele ya taa. Cha kiganjani kilishika unyevu, na unyevu umekwisha kwenda. Cha puani kina doa linalopitisha mwanga, na doa hilo litakuwepo hata jioni. La kwanza lilikuwa jasho, la pili ni mafuta. Kila kimoja kina tezi yake, na makosa mengi tunayoifanyia ngozi yanatokana na kuvichanganya.

Tuanze na jasho. Mtu mzima ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Kila tezi ni mrija mwembamba uliojiviringa kama kamba chini ya ngozi, kisha ukapanda juu hadi kwenye kitundu. Angalieni kidole chenu kwa karibu, pale penye mistari ya alama ya kidole: matone madogo yanatokea juu ya matuta, hayatokei kwenye mabonde.

Chini, pale mrija ulipojiviringa, jasho lina chumvi karibu sawa na maji ya damu. Likipanda, kuta za mrija zinairudisha chumvi mwilini. Jasho likitoka polepole, mrija unapata nafasi ya kuivuna. Likitoka kwa kasi, chumvi inapita. Ndiyo sababu kijana aliyeanza kazi jana mbele ya tanuru la kuyeyushia shaba anabaki na michirizi myeupe kwenye shati. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Baada ya hapo unatoa jasho mapema zaidi, jingi zaidi, na lenye chumvi kidogo. Kwa hiyo mgeni wa kazi apewe saa chache siku za kwanza, aongezewe kidogo kidogo. Kumpa zamu nzima siku ya kwanza ni kumhatarisha.

Jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Tone lililoanguka chini halikupoza kitu. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, hewa ya hapa Lubumbashi ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, nawe unadhani hukutoa kitu. Usingoje kiu. Kwenye kazi ya joto, kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, lakini usipite lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno yanazimua chumvi ya damu. Chumvi iliyopotea, bukari (ugali) na mboga yake zinatosha kuirudisha kwa watu wengi. Mtu aliyepata joto kali akaanza kuongea ovyo, mmwagieni maji na kumpepea palepale, huku mkitafuta usafiri.

Tezi ya mafuta inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Imeshikamana na shina la unywele. Chembe zake zinajaa mafuta, zinapasuka, na chembe yenyewe inakuwa mafuta. Safari hiyo inachukua kama wiki 2 au 3, na inaendeshwa na homoni, kwa wasichana na kwa wavulana. Sabuni haiifikii. Ukisugua uso mara tano kwa siku, mafuta ya leo yanaondoka, ya kesho tayari yako njiani, na mdomo wa kitundu unavimba. Osha mara mbili, kwa vidole, kwa sabuni isiyo kali. Kile kidoa cheusi puani nacho si uchafu: ni rangi ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa.

Dawa ya chunusi yenye benzoili peroksidi ya 2.5 au 5 kwa mia, pakeni tabaka jembamba usiku, eneo zima, si kipele kimoja, na mngoje wiki 8. Inachuja rangi ya mto na ya taulo. Krimu za kung'arisha zenye klobetasoli, dawa kali ya steroidi, zinazaa vipele vyao zenyewe, na ukiziacha ghafla uso unawaka. Muone daktari akupunguzie taratibu.

Viganja na nyayo hazina tezi ya mafuta hata moja. Ndiyo maana mwezi wa sita kisigino kinapasuka. Vazelini ni ya pale, mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Paji la uso lina mafuta yake tayari.

Kwapani jasho lenyewe halinuki; bakteria wanaolila ndio wanaotoa harufu. Limao linaunguza. Dawa yenye chumvi za alumini ipakwe usiku kwenye kwapa kavu kabisa, wakati jasho ni dogo, ili iingie mdomoni mwa mrija. Ikipakwa kwenye kwapa lililolowa inawasha.

Na watoto wachanga: mirija yao inaziba upesi. Vipele vidogo shingoni, chini ya kofia ya sufu, havitaki mafuta wala poda. Vua nguo moja, osha kwa maji ya kawaida, acha hewa ipite. Vikiwa na usaha, au mtoto akiwa na homa, hayo si ya joto tena: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe na malaria.