Msimfundishe kuongea, mfundisheni kusoma kabrasha

Asanteni, kaeni tu jamani, muda wenyewe nimepewa mdogo. Mada yangu mnaiona pale, mafunzo ya wanawake kwenye siasa za ngazi ya chini, na wengine humu mmeshanisikia nikiisemea mpaka mmechoka, lakini nitaisema tena leo kwa sababu ratiba za mafunzo bado nazisoma na bado ni zilezile. Siku ya kwanza kujiamini. Siku ya pili kujiamini na kuongea mbele za watu. Siku ya tatu vyeti, picha ya pamoja, nauli, kwaheri.

Sasa nani kawaambia hawa wanawake hawajui kuongea? Mtu anaendesha kikundi cha kuweka na kukopa, watu thelathini, kila wiki anawasuluhisha waliogombana kwa hela, anamfuata mdaiwa mpaka mlangoni na anarudi na deni, halafu wewe unamweka darasani siku mbili unamfundisha namna ya kusimama na kutoa sauti!

Ngoja niwape kisa kimoja, ni kirefu kidogo mnivumilie, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa aina hiyo. Kuna dada mmoja tulimfundisha kabla ya uchaguzi, akagombea udiwani, akashinda. Hoja yake ilikuwa moja, zahanati ya kwao haina chumba cha kujifungulia, wamama wanazalia kwenye kile chumba cha kuchomea sindano. Akaenda kwenye baraza akasema. Na anajua kusema yule, watu walipiga meza, mwenyekiti akamsifia. Kikao kilichofuata akasema tena, makofi tena. Mimi nasikia habari zake najisikia fahari kabisa, najua mafunzo yamezaa matunda. Ukapita mwaka, akaja kwangu na mfuko wa karatasi, mihtasari ya vikao vinne, akaniuliza dada, mbona nasema wanakubali halafu hakuna kinachotokea?

Tukakaa tukasoma. Kwenye mihtasari yote minne hoja yake iko ukurasa wa mwisho, chini ya Mengineyo. Mnaijua Mengineyo, ile ajenda ya mwisho kabisa ambayo watu wameshaanza kukusanya karatasi zao, mwenye safari anaangalia saa, akidi yenyewe, ile idadi ya wajumbe ya kuhalalisha kikao, ukihesabu sijui kama ipo. Na imeandikwa hivi: wajumbe walielezwa kuhusu chumba cha kujifungulia, baraza likapokea. Likapokea! Kupokea sio kuazimia ndugu zangu. Kilichopokelewa hakina mtu wa kukitekeleza, hakina tarehe, na kwa kuwa sio azimio kikao kijacho hakitokei kwenye Yatokanayo, ile ajenda ya kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita, kwa hiyo hakuna anayeulizwa umefikia wapi. Kila kikao yule dada alikuwa anaanza upya kutoka sifuri na alikuwa hajui. Halafu bajeti. Wakati anaongea kwa mara ya kwanza bajeti ilikuwa imeshapita kamati ya fedha muda mrefu, namba zimeshafungwa, hata angelia machozi pale hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya kutoa hizo hela.

Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemtukana, walimpigia makofi. Na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimfundisha sauti na sikumfundisha kwamba hoja inaandikwa, inapelekwa ofisini kabla ya siku zilizowekwa kwenye kanuni za kudumu, inapewa namba kwenye ajenda, inatafutiwa mjumbe wa kuiunga mkono mapema kabla hamjaingia ukumbini, na kabla ya hapo unaenda kuwaona watu wa kamati ya fedha wakati rasimu bado ni rasimu. Tulimwandikia hoja siku ileile, ukurasa mmoja, ina kiasi cha hela na inasema zitoke kifungu gani. Msimu wa bajeti uliofuata chumba kikaingia. Hotuba hata hakutoa, alisimama dakika mbili.

Najua kuna mtu anasema moyoni, wengi hawajasoma sana, bajeti utawapaje? Hili swali linanikera, nisameheni. Mweka hazina wa kikundi anajua kilichoingia, kilichotoka na nani hajarudisha, bajeti ya halmashauri ni hiyohiyo ila imeandikwa kwa maneno ya kutisha na inaletwa asubuhi ya kikao ili usipate muda wa kuisoma. Na wanaume waliomo mle wote wamesomea bajeti? Hakuna anayewauliza.

Mwingine atasema viti vya wanawake vimeshatengwa, tatizo limeisha. Viti ni muhimu, mi sivibezi hata kidogo. India walibadilisha katiba, ikaanza kazi 1993, angalau theluthi moja ya viti kwenye mabaraza ya vijiji ni vya wanawake na theluthi ya wenyeviti pia. Watafiti wakaenda kuangalia West Bengal na Rajasthan, utafiti ulichapishwa 2004, wakakuta vijiji vilivyopangiwa mwenyekiti mwanamke viliweka nguvu zaidi kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wenyewe ndio walilolalamikia zaidi. Kwa hiyo kiti kinabadilisha kitu, ushahidi upo. Uganda nao katiba ya 1995 inataka theluthi moja ya kila baraza la serikali za mitaa iwe wanawake. Na dunia nzima, hesabu za Umoja wa Mataifa za 2023, wanawake ni asilimia 35.5 ya waliochaguliwa kwenye mabaraza ya ngazi ya chini, juu kuliko mabunge. Lakini hukohuko India wana jina kabisa la mume anayeshika kazi ya mkewe mwenyekiti, wanamwita sarpanch pati, yeye ndiye anakaa kikaoni, mke analetewa karatasi za kusaini. Sasa mwanamke ambaye hajui anachosaini utamsaidiaje kwa somo la kujiamini? Mpe kabrasha, zile karatasi za kikao, alisome, akijua kilichomo mwenyewe atakataa kusaini.

Naoneshwa dakika tano, haya nakimbia. Muda wa mafunzo: acheni kuja wiki tatu kabla ya kura, njooni mwaka mmoja kabla wakati vyama havijaamua majina, na rudini baada ya kura, kwa sababu aliyeshinda ndiye mnamtelekeza, na aliyeshindwa mnamsahau wakati uchaguzi ujao ndiye angekuwa ameiva. Hela za kampeni, nilikuwa na mengi hapo, niseme tu mfundisheni kuhesabu gharama kabla ya kuchukua fomu asije akauza mali ya familia. Matusi ya kwenye simu, apewe mtu wa kumsaidia kutunza ushahidi, msimwambie avumilie. Watoto, wekeni mahali pa kuwaangalia watoto kwenye mafunzo yenyewe, nashangaa mpaka leo tunasahau. Wanaume wa kamati za uteuzi nao waitwe darasani, hilo lina mada yake siku nyingine.

Hizi dakika zilizobaki sitaongea. Wasaidizi wanawagawia karatasi, hiyo ni rasimu ya bajeti ya baraza moja la mfano, tumeichapa kama wanavyoichapa wao, herufi ndogo na bila maelezo. Kaeni wawili wawili. Tafuteni zahanati iko kasma gani na imepewa kiasi gani, halafu tafuteni hela ya kujenga chumba kimoja ungeitoa wapi. Mama wa pale nyuma umepata karatasi? Mpeni na kalamu. Haya, fungueni ukurasa wa nne.