Tausi wa msitu wa Kongo

Karibuni jamani, sogeeni mbele nafasi bado zipo. Leo naongelea tausi, ila sio yule wa mkia mrefu mnayemuona kwenye bustani za mahoteli, yule asili yake India. Huyu wangu ni wa msituni Kongo, na porini hayupo nchi nyingine yoyote zaidi ya DRC.

Sikieni sasa. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, James Chapin, yuko Avakubi kule Ituri, akaona kofia ya mwenyeji imechomekwa unyoya ambao hakuujua kabisa ni wa ndege gani, akauchukua akautunza. Ikapita miaka 23! Mwaka 1936 yupo makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa wamewekwa juu ya kabati, karatasi inasema eti ni tausi wa India wachanga, kumbe unyoya wake ndo wa hawa hawa. 1937 akarudi Kongo akawapata. Vitabu vinasema Chapin kagundua, sawa, kazi kafanya, lakini yule mwenye kofia unyoya aliuokota wapi? Watu wa msitu walishamjua huyu ndege zamani sana, na mimi heshima ya kwanza nawapa wao.

Sasa uzuri wake. Dume ni bluu iliyokolea, mwanga ukimpiga anang'aa zambarau na kijani, utosini kasimamisha nywele nyeupe kama brashi, shingoni ngozi nyekundu iko wazi. Jike ni kahawia, mgongo kijani cha kumetameta. Lile pazia la macho macho hana, akitaka kumvutia jike anatandaza mkia wake mfupi, anashusha mabawa, na jike naye anaweza kutandaza wake. Mi hapo ndo napopapenda, maana tausi wa India akishapanda anaenda zake, huyu anakaa na jike mmoja, jike anaatamia mayai yake 2 mpaka 4 karibu mwezi mzima na dume yupo jirani analinda. Usiku wanaitana kwa kupokezana, sauti inafika mbali.

Shida ni mitego ya waya, misitu kukatwa, na machimbo ya ndani porini ambako watu wanaishi kwa nyama ya msituni. Hifadhi za Salonga na Maiko bado anapatikana, ila mtego hauchagui, umetegewa paa unamnasa yeye anayetembea chini kutafuta matunda na wadudu.

Walimu mliopo hapa nawaomba, mkifundisha tausi darasani mchoreni na huyu, watoto wamjue. Haya, maswali, tuanze na dada pale nyuma.