Una PhD, Mbona Bado Unasoma?

Jamani, leo nimekaa nijibu. Kila nikipandisha video, komenti ni ile ile: "Dada, una PhD, mbona bado unasoma? Mpaka lini? Na unalipwa ngapi?" Nikijibu, wapo watakaosema najisifu, na wengine watasema nalalamika huku nala Ulaya. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Sisomi. Nimeajiriwa. Postidoki, yaani utafiti wa baada ya PhD, ni kazi. Hapa Ujerumani ngazi yangu ya mshahara ni E13, jedwali lake liko wazi mtandaoni. Mkiliona msikimbilie kubadilisha kuwa shilingi. Sina mume wala mtoto, kwa hiyo karibu asilimia 40 inakwenda kwenye kodi na bima kabla sijaigusa. Bado pango. Bado nyumbani, na nyumbani mnajijua.

Kazi yenyewe ni betri za sodiamu, kwa kompyuta. Kinywe (grafaiti) kama kile cha kwetu Mahenge, Tanzania, kinapokea vizuri lithiamu, ile ya betri za simu, lakini sodiamu haiingii inavyotakiwa, kwa hiyo tunatafuta kaboni ya namna nyingine. Badala ya kuchoma sampuli moja moja kwenye tanuri, nakokotoa elektroni zinavyokaa, na ioni, yaani atomu ya sodiamu yenye chaji, inahitaji nishati kiasi gani kuhama nafasi. Njia hiyo ya kukokotoa elektroni ndiyo iliyompa mwanasayansi Walter Kohn Nobel ya kemia mwaka 1998. Ugumu wake ni muda: atomu zikiwa mara mbili, hesabu inakuwa karibu mara nane. Naipenda kazi hii, sitawaficha.

Kinachonitesa ni makaratasi. Kibali cha kukaa kinafuata mkataba, na mkataba wangu ni wa miaka miwili miwili. Mara ya mwisho ulichelewa kuongezwa, kibali nacho kikakwama, nikapewa karatasi ya muda. Ndipo baba mdogo akafariki, yeye aliyenilipia ada ya Form Five. Afisa akaniambia nikisafiri na karatasi ile, nisije nikamlaumu mtu nikizuiwa kurudi. Nilimzika kwa simu, binamu yangu ameishika juu ya kaburi. Halafu mtu akaandika hapa kwamba nimejifanya mzungu. Lile liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Uje huku kufanya kazi hii, usije? Mimi siwezi kukuamulia, mwenye watoto ana hesabu zake. Mimi sasa naanza kusoma tarehe ya mwisho ya mkataba kabla ya mshahara, na kibali naomba miezi mitatu mapema.

Na mpaka lini? Kwa kawaida sheria hapa inaruhusu mikataba hii miaka 6 baada ya PhD. Mimi nimetumia 4.